Nani Akaribishwe? Somo la Urafiki Kutoka Jumuiya za Michezo za Vyuo vya Marekani



Tangu tarehe 8 Mei 2025, siku ambayo Kardinali Robert Prevost alichaguliwa kuwa Papa na kuchukua jina la Leo XIV, kuna chuo kimoja ambacho jina lake limezoeleka sana hapa seminarini. Chuo hicho ni Villanova, jirani na mji wa Philadelphia nchini Marekani, kilichoanzishwa na Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Agostino. Hapo ndipo Baba Mtakatifu alipopata shahada yake ya hisabati mwaka 1977. Sisi wa mwaka wa pili wa falsafa tulianza kukifuatilia chuo hicho kwa ajili ya Papa, tukaendelea kukifuatilia kwa ajili ya mpira wa kikapu. Na kupitia mpira wa kikapu tumejikuta tumefika kwenye swali ambalo mwalimu wetu wa maadili ametuuliza mwaka mzima: rafiki ni nani, na anachaguliwa kwa kigezo gani?

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana si kila msomaji analifahamu. Vyuo vikuu vya Marekani havichezi wote katika ligi moja ya taifa kama Simba na Yanga. Vimejigawa katika makundi, na kila kundi lina ratiba yake, kanuni zake, kamishna wake na mfuko wake wa fedha za televisheni. Vyuo vya kundi moja hucheza vyenyewe kwa vyenyewe kwa sehemu kubwa ya msimu, si kwa mchezo mmoja tu, bali kwa michezo mingi: kikapu, wavu, riadha, kuogelea, soka na mingineyo, wanaume kwa wanawake. Kundi la namna hiyo sisi hapa tutaliita jumuiya, kwa sababu neno hilo tunalielewa vizuri.

Jumuiya hizi hupanuka. Kila baada ya miaka michache wakuu wa vyuo wanachama hukaa na kujiuliza ni chuo gani kingine kikaribishwe. Hapo majina huanza kutajwa. Hiki kiko katika mji wenye watazamaji wengi wa televisheni. Kile kina uwanja unaojaa. Kingine kina sifa kubwa ya utafiti, na kingine kina timu nzuri ila kiko mbali mno. Mwishoni wakuu wa vyuo hupiga kura, na chuo kilichokubaliwa huhama kutoka jumuiya yake ya zamani, mara nyingi kwa kulipa faini kubwa ya kuondoka.

Kwa mtazamo wa haraka haya ni mambo ya biashara ya Wamarekani, hayamhusu frateri anayesoma Aristotle chini ya mwembe. Sisi tumeona vingine. Ukitaka kujua mtu au taasisi inajionaje, angalia inachagua kukaa na nani, na kwa sababu gani.

Tuanze na habari ya kusikitisha. Pwani ya magharibi ya Marekani ilikuwa na jumuiya kongwe yenye mizizi ya mwaka 1915, ambayo miaka ya karibuni iliitwa Pac-12 kwa sababu ilikuwa na vyuo 12. Vingi vilikuwa vikienda wawiliwawili kama majirani wa mtaa mmoja: viwili Los Angeles, viwili eneo la San Francisco, viwili Oregon, viwili jimbo la Washington, viwili Arizona. Watani wa jadi walichezana mwaka hadi mwaka, na mzee aliyesoma hapo alimpeleka mjukuu wake kuona mechi ileile aliyoiona yeye akiwa kijana.

Mwezi Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten, jumuiya ambayo asili yake ni majimbo ya kati na kaskazini, mbali kabisa na bahari ya Pasifiki. Miezi miwili baadaye Big Ten ilitangaza mikataba ya televisheni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Julai 2023 Colorado ikaaga, ikaelekea Big 12. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, Oregon na Washington zikaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Stanford na California ya Berkeley zikapokelewa ACC pamoja na SMU ya Dallas. Herufi hizo tatu za ACC zinasimamia Pwani ya Atlantiki, na Stanford na Berkeley ziko pwani ya Pasifiki! Jumuiya iliyodumu zaidi ya miaka 100 ikabakiwa na wanachama wawili tu, Oregon State na Washington State, ambao hakuna mkubwa aliyewataka.

Mantiki inatufundisha kwamba jina lilingane na kitu. Leo Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina vyuo 18, na Big 12 ina 16. Tulipoyataja haya mezani wakati wa chakula cha jioni, kulikuwa na kicheko kikubwa. Lakini kicheko hicho kilipoisha, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: mchezaji wa wavu wa UCLA anafikaje Rutgers?

Rutgers iko New Jersey, upande wa pili wa nchi, na sasa ziko jumuiya moja. Kutoka Los Angeles hadi huko ni karibu kilomita 4,000, mbali zaidi ya Dar es Salaam hadi Johannesburg. Mpira wa Kimarekani, ambao ndio unaoleta fedha za televisheni, huchezwa kwa kawaida mara moja kwa wiki, na timu husafiri kwa ndege ya kukodi. Lakini binti anayecheza wavu hucheza mara nyingi zaidi ya hapo, na yeye hakuwa sababu ya mkataba. Jumuiya mpya ilichaguliwa kwa ajili ya mchezo mmoja, na gharama ya safari ikaenea kwa wanamichezo wote. Huyo binti naye ana mtihani Jumatatu. Naye ndiye aliyeandikishwa chuoni kama mwanafunzi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa, msala ni wa mwingine anayepita njia. Msala unaweza kuwa mzuri kweli, ila mwenyewe akiuchukua utakaa wapi? Mikataba ya televisheni ina tarehe ya mwisho. Jirani hana.

Habari hiyo ina sehemu nyingine ambayo kwetu ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Oregon State na Washington State, wale walioachwa, hawakukubali kufa. Mwezi Septemba 2024 walitangaza kwamba wanaijenga upya Pac-12, na walikaribisha Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State kuanzia mwaka 2026. Baadaye kidogo Utah State ikaongezeka. Vyuo vyote vitano vilitoka jumuiya moja, Mountain West, ambayo ghafla ikajikuta imebomolewa kama ilivyobomolewa Pac-12 mwaka mmoja kabla. Mambo yakafika mahakamani. Aliyenyang'anywa akanyang'anya. Hatusemi haya ili kuwahukumu. Aliyebaki peke yake na nyumba isiyo na paa atatafuta bati popote. Tunasema tu kwamba desturi ya kuchagua wenzako kwa faida huambukiza. Ukishaachwa kwa sababu hiyo, unajifunza kuacha kwa sababu hiyohiyo.

Hapa ndipo Aristotle anapoingia. Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba kuna urafiki wa aina tatu. Upo wa manufaa, ambamo nakupenda kwa kile ninachokipata kutoka kwako. Upo wa kufurahishana, ambamo nakupenda kwa sababu kukaa nawe ni raha. Na upo wa wema, ambamo nakutakia mema kwa ajili yako mwenyewe, kwa jinsi ulivyo. Aina mbili za kwanza huvunjika kwa urahisi, kwa sababu faida ikiisha au raha ikipungua, hakuna kilichobaki cha kuwashikilia. Ya tatu hudumu, ila ni adimu, nayo huhitaji muda na kuzoeana. Aristotle mwenyewe anakumbusha msemo wa watu wa zamani kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Tulipofika hapo darasani tulitazamana tukatabasamu, maana nasi Waswahili humwita mzee mwenye busara mtu aliyekula chumvi nyingi.

Kumbe mtu akitaka kupima chuo kinachopendekezwa, anaweza kuuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: kina nini mfukoni? La pili: tunaweza kula nacho chumvi? Maswali yote mawili ni halali. Tatizo linaanza pale la kwanza linapoulizwa peke yake, au pale la pili linapoulizwa wakati kura imeshapigwa.

Sasa turudi Villanova, maana jumuiya yake imepitia njia zote mbili. Jumuiya hiyo inaitwa Big East. Ilianzishwa mwaka 1979 na kundi la vyuo saba vya kaskazini mashariki, vingi vikiwa vya Kikatoliki, vilivyopenda mpira wa kikapu. Aliyewaunganisha ni Dave Gavitt wa Chuo cha Providence, chuo cha Wadominikani, naye akawa kamishna wa kwanza. Villanova iliingia mwaka 1980. Miaka mitano baadaye, mwaka 1985, timu nne za mwisho za mashindano ya taifa zilikuwa na tatu kutoka Big East: Georgetown, St. John's na Villanova. Zote tatu ni za Kikatoliki. Katika fainali Villanova iliifunga Georgetown 66 kwa 64. Haya yalifanyika jumuiya ikiwa na umri wa miaka sita tu.

Kisha mpira wa Kimarekani ukaingia. Mwaka 1991 jumuiya ilianza kuendesha mchezo huo pia, na kuanzia hapo ikawa na watu wa aina mbili ndani ya nyumba moja: wenye timu kubwa za mpira huo, na wale wa kikapu ambao wengi wao ni vyuo vidogo vya Kikatoliki. Wenye timu kubwa walianza kutamaniwa na jumuiya nyingine. Miami na Virginia Tech ziliondoka mwaka 2004, Boston College mwaka 2005, West Virginia mwaka 2012. Syracuse, aliyekuwa mwanachama mwanzilishi, na Pittsburgh zilitangaza mwaka 2011 kwamba nazo zinaondoka. Kila aliyetoka alitafutiwa mbadala, na mbadala ulitafutwa mbali zaidi. TCU ya Texas ilikubali kuja, kisha ikageukia Big 12 kabla ya kucheza hata mechi moja. Boise State ya Idaho na San Diego State ya California zilikubali kuja, nazo zikarudi nyuma. Jaribu kuwaza: San Diego katika jumuiya inayoitwa Mashariki Kubwa!

Mwezi Desemba 2012 vyuo saba vya Kikatoliki vilisema imetosha. Vilikuwa Georgetown, Villanova, Providence, St. John's, Seton Hall, Marquette na DePaul. Vilitoka pamoja, vikabaki na jina la Big East na mashindano yao ya mwisho wa msimu katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, na tarehe 1 Julai 2013 vikaanza upya. Vilipotafuta wa kuongeza, viliwachagua watatu: Xavier ya Cincinnati na Creighton ya Omaha, zote za Wajesuiti, na Butler ya Indianapolis, ambayo si ya Kikatoliki. Wengi walisema kwamba bila mpira wa Kimarekani hawatadumu. Villanova ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2016, ikautwaa tena mwaka 2018.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba vyuo hivyo vya Kikatoliki vilifuata upendo mtupu na vile vingine vilifuata fedha. Big East mpya ilianza ikiwa na mkataba wake na televisheni ya Fox, na bila mkataba huo labda uamuzi ungekuwa mgumu zaidi. Wala hatusemi ilichagua kwa ujirani peke yake, kwani Omaha iko katikati ya nchi na ni safari ndefu kutoka Providence. Wala hatusemi ilichagua kwa dini peke yake. Ndege wafananao huruka pamoja, ni kweli, lakini Butler hakuwa wa rangi hiyo na amekaribishwa. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho ni cha serikali, kilirudi Big East baada ya miaka saba kwingine. Kilikuwa mmoja wa waanzilishi wa mwaka 1979. Walipokitazama walimwona mtu waliyekula naye chumvi. Leo jumuiya hiyo ina wanachama 11, tisa wa Kikatoliki na wawili wasio wa Kikatoliki, na hao wawili hawaitwi wageni. Connecticut imeshatwaa ubingwa mara mbili mfululizo tangu irudi, mwaka 2023 na 2024.

Tofauti tunayoiona ni ya mpangilio wa maswali. Wale saba walijiuliza kwanza, sisi ni akina nani na tunataka kuishi vipi, ndipo wakauliza tutapata kiasi gani. Wengine walianza na kiasi, halafu wakajikuta wanaishi maisha ambayo hakuna aliyeyachagua.

Katika tisa hao wa Kikatoliki kuna jambo lililotufurahisha sisi wanafunzi wa seminari. Wanne ni wa Wajesuiti: Georgetown, Marquette, Xavier na Creighton. Wawili ni wa Wavinsenti: St. John's na DePaul. Mmoja ni wa Waagostino, mmoja wa Wadominikani, na mmoja, Seton Hall, ni wa Jimbo Kuu la Newark, na ndani ya eneo lake kuna seminari kuu. Kwa hiyo wapo mafrateri kama sisi wanaosoma falsafa na teolojia umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye timu inayocheza Big East. Karama ni tofauti, historia ni tofauti, na kwenye uwanja hawahurumiani hata kidogo. Hiyo nayo ni sehemu ya urafiki.

Na je, nani aingie sasa? Swali hilo linaulizwa kila mwaka. Majina yanayotajwa mara nyingi kwa Big East ni Saint Louis, chuo cha Wajesuiti kilichoanza mwaka 1818, na Dayton ya Ohio, chuo cha Wamarianisti kilichoanza mwaka 1850. Vyote viko jumuiya ya Atlantic 10. Ukitumia swali la chumvi, vinapita bila shida: ni vya Kikatoliki, vinapenda kikapu, na viko katika eneo ambalo jumuiya tayari inasafiri. Ukitumia swali la mfuko, mahesabu yanakuwa magumu, kwa sababu fedha zilezile zitagawanywa kwa wengi zaidi, na mji wa Dayton si mkubwa. Mpaka tunapoandika, milango haijafunguliwa kwao.

Jina la tatu lilikuwa Gonzaga ya Spokane, chuo cha Wajesuiti kilichopewa jina la Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana. Chuo hiki hakina timu ya mpira wa Kimarekani, lakini kimefika fainali ya kikapu mwaka 2017 na mwaka 2021. Kilikuwa jumuiya ya WCC tangu mwaka 1979, miongoni mwa vyuo vya kidini vya pwani ya magharibi, vingi vikiwa vya Kikatoliki. Tarehe 1 Oktoba 2024 kilitangaza kwamba kinakwenda Pac-12 mpya mwaka 2026. Huko hakutakuwa na chuo kingine cha Kikatoliki. Hata hivyo Washington State, mwanachama wa huko, ni jirani yake wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Je, Gonzaga imewaacha ndugu wa imani au imemfuata jirani? Darasani tuligawanyika nusu kwa nusu, na bado tumegawanyika. Msamaria Mwema alitufundisha kwamba jirani si lazima awe wa kwenu. Lakini hakutufundisha kwamba wa kwenu si jirani.

Mwenzetu mmoja ambaye alisomea uhasibu kabla ya wito alitupinga kwa nguvu, na hoja yake inastahili kuandikwa hapa. Alisema: nyinyi mnaongea kama watu ambao chakula chao kinapikwa na mwingine. Mwezi Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zitatoka wapi? Mkuu wa chuo anayekataa mkataba mkubwa kwa ajili ya urafiki anaweza kesho kufuta timu ya kuogelea kwa kukosa fedha, na watakaoumia ni vijana walewale mnaowatetea. Alitaja pia SMU, ambayo ilikubali kuingia ACC bila mgao wa fedha za televisheni za jumuiya kwa miaka 9. Watu waliona ni wazimu. Msimu wa kwanza tu, mwaka 2024, timu yake ilifika mashindano ya timu 12 bora za nchi.

Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha, na hatudhani linahitajika. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, hasemi kwamba manufaa ni dhambi. Mtu mwema naye hunufaika na rafiki yake. Tunachoshikilia ni kwamba manufaa yawe tunda la urafiki, yasiwe mzizi wake. Tena kuna kipimo kimoja ambacho hata mhasibu wetu alikikubali: kabla ya kusema ndiyo, mtazame yule ambaye ana sauti ndogo kuliko wote chumbani, na umuulize safari hii itamgharimu nini. Kwa vyuo vya Marekani ni yule binti wa wavu. Kila jumuiya ina wake.

Na sisi tuna wetu, ndiyo maana tumeandika. Seminari yetu inacheza ligi ndogo ya Jumamosi na taasisi tatu za jirani: chuo cha ualimu, chuo cha ufundi na shule ya sekondari. Viwanja ni vya vumbi, jezi za chuo cha ualimu ni za mchanganyiko, na baada ya mechi hunywa uji pamoja kabla ya kuachana. Muhula huu chuo kimoja kikubwa cha mjini kimeomba kujiunga. Kina basi lake, kina mfadhili, na kimeahidi kombe na jezi kwa timu zote. Kimeomba pia kwamba mechi zake zote zichezwe kwenye uwanja wake wa nyasi, kwa sababu ndiko waliko watazamaji. Kamati ya michezo imeliomba kila darasa litoe maoni kwa maandishi kabla ya likizo, na Padre Gombera amesema atayasoma yote.

Wanafunzi wa chuo cha ualimu hawana basi. Nauli ya kwenda mjini na kurudi kwa timu nzima, mara tatu au nne kwa msimu, hawana pa kuitoa. Wakishindwa mara mbili wataondolewa kwa kanuni, na hakuna atakayekuwa amewafukuza. Watapotea tu kwenye msimamo wa ligi, kimyakimya. Sisi pia tunazitamani jezi mpya, tusidanganyane. Mlinda mlango wetu anavaa glavu zilizoshonwa kwa uzi wa gunia.

Maoni ya darasa letu tumeyaandika hivi: chuo cha mjini kikaribishwe, kwa sharti kwamba kila mwenyeji atatembelewa kwake, pamoja na vumbi lake, na kwamba basi hilo lipitie chuo cha ualimu kila mechi inapochezwa mjini. Wakikubali, tutajua wanataka kucheza nasi. Wakikataa, tutajua walikuwa wanatafuta uwanja wa mazoezi na watu wa kuwafunga, na kombe lao tutakuwa tumelikosa kwa sababu nzuri. Kura zilikuwa 14 kwa 9. Mhasibu wetu alipiga ya ndiyo, lakini ameomba iandikwe kwamba gharama ya mafuta ya basi ijadiliwe mapema.

Msomaji wetu, huenda nawe uko kwenye kikundi cha kwaya, cha kuweka na kukopa, au jumuiya ndogondogo ya mtaani kwenu, na kuna mtu au kikundi kinachobisha hodi, au wewe ndiye unayebisha kwa wengine. Uliza mfuko, si dhambi. Ila anza na chumvi, na kabla hujapiga kura, mtafute yule asiye na nauli umsikilize.